Benchi la Fundi Sebule

Watu wengi wakiingia nyumbani kwa mtu huangalia watu kwanza, kisha vyombo. Fundi Sebule alikuwa haangalii hivi wala vile. Aliangalia mlango uko wapi, mwanga unatokea upande gani, na nani amekaa ameupa mlango mgongo. Halafu ndiyo anasalimia. Wenye nyumba walimwona hana adabu, lakini walimvumilia, kwa sababu kazi yake ilikuwa haina mfano.

Jina hilo alipewa na wateja. Yeye alikuwa seremala tu, wa vitanda na makabati kama maseremala wengine, mpaka siku alipoitwa kwa mume na mke waliokuwa hawasemezani. Walitaka kabati la vyombo. Fundi akatazama sebule yao, akaona makochi yote yameegemea ukuta kama watu wanaosubiri daktari, kila kochi linatazama televisheni na hakuna linalotazama jingine. Akawaambia kabati litakuja, lakini kwa leo wamsaidie kusogeza kochi hili. Akaligeuza likaelekeana na mwenzake, akaweka meza ndogo katikati. Basi ikawa mmoja akiinua macho anakutana na macho ya mwenzake, na watu wakishatazamana ni lazima mmoja aseme neno, hata kama ni "nipitishie chai". Haukupita muda yule mke akamtumia fundi salamu za shukrani. Mtaa nao ukaongeza chumvi: eti fundi yule akigusa sebule yako, hata talaka inarudi ilikotoka.

Tangu hapo vitanda akaviachia wengine. Kinyozi mmoja alilalamika kwamba wateja wanakimbilia kwa jirani. Fundi akageuza benchi lake likatazama barabara, na watu wakawa wanakuja kukaa hata wasio na nywele. Aliyekaa sana mwisho aliona haya, akanyoa ndevu. Mwenye mgahawa naye akaja na kilio cha upande wa pili: watu wanakula sahani moja, wanakaa nusu ya mchana. Fundi akaondoa migongo ya viti, akapaka ukuta rangi nyekundu kali, akashusha taa zikawa karibu na vichwa. Watu wakaanza kula mbiombio na kuondoka, bila kujua nani amewafukuza. Habari hii alikuwa akiisimulia huku anacheka mpaka anafuta machozi.

"Mtu anadhani anafikiri kwa kichwa chake," alikuwa akisema. "Kumbe anafikiri kwa kiti!"

Wageni walicheka naye. Mkewe alikuwa hacheki sana. Aliona kwamba anayejua kumkalisha mtu anajua na kumfukuza, na kwamba mumewe alikuwa ameanza kufurahia kazi zote mbili sawasawa.

Ofisi ya ardhi ilikuwa na ugonjwa uleule wa mgahawa. Mkuu wa ofisi, mtu mnene wa sauti ndogo, alimwita fundi akamfungia mlango.

"Fundi, watu wanatumaliza," alisema. "Mtu anakuja na ugomvi wa mpaka wa tangu enzi za babu yake. Anakaa, anaeleza, anarudia, analia, anamwita shahidi. Siwezi kuwafukuza, hii ni ofisi ya umma. Nataka waondoke wenyewe."

Fundi Sebule akafurahi. Ukweli usemwe: hakusita hata kidogo, alifurahi kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. Akaingia chumba cha mapokezi na futi yake, akakaa humo siku nzima akipima na kuguna.

Alianza na benchi. Alilikata miguu likawa fupi, magoti ya anayekaa yakapanda juu. Kisha akakiinamisha kikalio mbele kidogo tu, kiasi ambacho jicho halikioni, ila makalio yanakijua. Anayekaa hapo anateleza polepole, na ili asiteleze inabidi akaze nyayo sakafuni muda wote. Fundi alilijaribia mwenyewe. Kila akiona bado ana raha, anarudisha randa. Kaunta akaiinua ikafika kifuani, na upande wa karani akatandika jukwaa la mbao ili karani awe juu. Kwenye kioo cha kaunta, tundu la kusemea akalitoboa chini, usawa wa tumbo, anayetaka kusikika ainame. Dirisha kubwa lililo nyuma ya karani akaliacha bila pazia, mwanga umpige mwenye shida machoni asiione sura ya anayesema naye. Hakuweka hata kijimeza cha kuwekea mzigo. Ukuta akaupaka rangi ya majivu.

"Mtu akikaa pale," alimwambia mkewe jioni ile, "anasahau hata jina la baba yake."

Na kweli ikawa hivyo. Mkuu alimpigia simu kumsifu kwamba malalamiko yamepungua, kwamba watu wamekuwa wastaarabu ghafla, wanasema samahani na asante, na wengine wanaondoka kabla hawajaitwa. Akamwahidi kazi ya jengo jipya, ghorofa zote. Fundi akatembea mtaani kifua mbele.

Sasa, fundi huyu alikuwa na dada. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa mtoto wa kufungwa vifungo vya shati, na dada ameshakuwa msichana wa kuposwa. Dada akakataa posa mbili ili mdogo wake asome, akajifunza cherehani, akamlisha kwa sindano. Alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na hata mvi zilipomjaa aliendelea kuwa Kitinda. Mtaa ulimwita dada mwenyewe Mama Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Siku ya kumposea Kitinda mke, wajomba wa upande wa pili walikuja na majibu makavu yameshaandaliwa. Waliondoka wamekubali kila kitu, na mmoja wao ameshapimwa suruali.

Mama Sindano alifanya kazi katika chumba kimoja kidogo, cherehani imewekwa chini ya dirisha. Ukuta mzima wa chumba kile haukuwa na kitu cha maana ila dirisha. Mwanga uliingia kwa ubavu, ukaanguka palepale chini ya sindano, na katika umri ule alikuwa bado anatunga uzi bila miwani. Kupitia dirishani aliwasalimu wapita njia, akawagombeza watoto wa watu, akauliza bei ya kila kilichobebwa. Chumba kilikuwa finyu, lakini yeye alikaa humo kama yuko barazani, na mteja aliyeingia amenuna alitoka akicheka.

Jirani yake mwenye duka akataka kujenga ghala. Ukuta wa ghala ungepita mkono mmoja tu kutoka dirisha lile, na kuziba mwanga wote. Ila kibali kilikuwa hakitoki kabla ofisi ya ardhi haijasikia kama majirani wana pingamizi. Mama Sindano alipopata habari, Kitinda alikuwa amekuja kula kwake mchana.

"Huyo ananijua vibaya," alisema, akimwongezea mdogo wake chakula. "Kesho naenda hukohuko ofisi ya ardhi. Watanisikiliza mpaka wanipe kiti cha mkuu nikae mimi!"

Tonge likamkwama Kitinda. Hapo ndipo alipaswa kusema. Alikunywa maji badala yake. Alijidanganya kwamba benchi lile ni la watu wengine, wale watu wa mtaani wasio na majina, si la dada yake, na kwamba ulimi ulioshinda wajomba hauwezi kushindwa na mbao.

Kesho yake mchana dada akaingia nyumbani kwa Kitinda, akakaa kwenye kochi zuri kuliko yote mtaani, akanyamaza. Mke wa fundi alikuwa hajawahi kumwona wifi yake amenyamaza, hata msibani.

"Foleni ilikuwa ndefu, wifi?" aliuliza.

"Wala." Dada alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake. "Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, jamani. Nimefika, nimekaa, naona kama naanguka. Nikawa najizuia tu nisianguke. Sijui ni magoti yamezeeka. Halafu nikaanza kujiuliza, hivi mimi nimekuja kusumbua watu kwa nini? Watu wanadhulumiwa mashamba, mimi nimekuja na kidirisha! Waliponiita nikasema nitarudi." Akamgeukia mdogo wake. "Kitinda, mimi naona akili imeanza kuniacha."

Fundi alitazama vidole vya miguu yake. Alihisi macho ya mkewe yamemkaa shavuni.

"Hujazeeka, Dada," alisema. "Rudi tena. Jipe moyo tu."

Mama Sindano akaitikia kwa kichwa kama mtoto aliyeelekezwa na mwalimu, akaaga. Mlango haujafungwa vizuri mkewe akamvaa.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba si uzee, ni randa yako! Ulisema mwenyewe mtu anasahau jina la baba yake. Baba yake si ndiye baba yako?" Kisha akashusha sauti. "Mtego wa panya huo, mume wangu. Hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo."

Fundi alimkemea anyamaze, akatoka nje kwa hasira, na hasira ile haikuwa ya kumkasirikia mkewe. Dada alikuwa akiwaonyesha wateja wake picha za kazi za Kitinda kwenye simu. "Mdogo wangu huyu," alikuwa akiwaambia, "anatengeneza vyumba watu wakae kwa amani." Fundi aliwaza sura ya dada itakavyokuwa akijua, akaona haya. Na jengo jipya nalo lilikuwa linamnong'oneza. Akaamua kungoja, labda mara hii dada atashinda mwenyewe na neno lenyewe litapita bila kusemwa.

Dada alirudi ofisini. Safari hii aliitwa, akainama kwenye tundu, mwanga ukampiga machoni, na sauti isiyo na sura ikamuuliza: "Mama, una pingamizi au huna?"

Mama Sindano akasikia mdomo wake ukijibu, "Sina."

Alikuja kuyasimulia haya kwa Kitinda karakanani, amesimama katikati ya maranda ya mbao, analia kwa hasira za kujichukia. "Sina! Nimesema sina! Ninalo tele, nimejaa nalo mpaka hapa, halafu nasema sina, na asante juu! Mimi ni mjinga, Kitinda. Mjinga kabisa."

"Nitakwenda na wewe," fundi alisema. Angeweza kusema maneno mengine, na alikuwa nayo mdomoni. Akasema hayo.

Asubuhi iliyofuata alivaa shati lake la kuendea kwa wakubwa, na njiani akajiapiza kwamba hatakaa. Atasimama wima, ataomba kuonana na karani mwenyewe, atadai neno la dada yake lifutwe. Lakini foleni ilikuwepo, na dada aliyekuwa ameshakaa akamvuta shati. "Kaa basi, Kitinda, unanitia wasiwasi ukisimama hivyo." Akakaa.

Alikijua chumba kile kuliko mtu yeyote duniani. Alijua kwa nini anateleza, alijua kwa nini macho yanamuuma na kwa nini ukuta unamchosha. Kujua huko hakukumsaidia lolote. Nyayo zikaanza kukaza sakafu, magoti yakampanda, na maneno aliyoyapanga njiani yakaanza kuonekana makubwa mno kwa mtu wa kadiri yake. Kando yake dada alikuwa amepakata mkoba kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, amekaa kama mshtakiwa. Fundi alikuwa hajawahi kumwona mtu akilitumia benchi lake. Alikuwa amepokea malipo yake na kuondoka kabla halijakaliwa.

Wakaitwa. Fundi akainama kwenye tundu.

"Samahani sana, mzee," alisema, na karani mwenyewe alikuwa kijana wa kumzaa. "Hatukuja kusumbua. Ni kuhusu dirisha la dada yangu hapa, kama itawezekana."

"Huyu mama alishasema hana pingamizi," sauti ikajibu. "Kibali kimetoka."

"Basi sawa," fundi alisema. "Asante."

Alisikia alichokisema. Aliganda pale ameinama. Dada akamgusa bega, na kwa huruma kabisa, huruma iliyomchoma kuliko kisu, akamnong'oneza, "Twende zetu, Kitinda. Usijali. Sisi hatukuzaliwa na maneno ya ofisini."

Na hapohapo karani akainama kuona nani anaongea kwa unyonge hivyo, akatoa kicheko.

"Aa! Fundi Sebule! Mbona unainamia tunduni kama mgeni? Mkuu! Mkuu, njoo umwone fundi wetu!"

Mkuu akatoka na tabasamu lake lote, akampa mkono mbele ya foleni nzima. "Ndiye huyu sasa!" alimwambia karani. "Huyu ndiye aliyetupunguzia watu. Benchi lako ni dawa, fundi. Mtu anakuja na moto, anaondoka maji. Kule jengo jipya nataka hilihili, na ikiwezekana liiname zaidi kidogo."

Waliokaa kwenye benchi wakainua vichwa. Mzee mmoja alijisogeza akalitazama benchi chini ya mapaja yake, kisha akamtazama fundi, kisha akaangalia pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake hajavaa.

"Mkuu," fundi alisema, "huyu ni dada yangu."

"Alaa!" Mkuu alisikitika kwa kweli. "Sasa ungeniambia! Ungempitisha mlango wa nyuma tukaongea vizuri, saa hizi yangekuwa yameisha. Kibali kimeshakwenda, fundi, na jirani ameshashusha matofali. Neno moja tu ungeniambia."

Walitembea njia nzima dada akiwa mbele. Karibu na nyumbani akapunguza mwendo, bila kugeuka.

"Ulikuwa unalijaribia kwa nani?"

"Kwangu mimi mwenyewe."

"Basi ulijua linavyokuwa."

"Nilijua."

"Na nilipokuja kwako nikasema akili imeniacha, ulijua."

"Nilijua, Dada."

"Ulilitengeneza kwa ajili ya nani, hasa?"

"Kwa ajili ya watu," alisema fundi. "Sikujua ni wewe."

"Kwani mimi nani?"

Fundi alimfuata nyuma hatua kwa hatua. Aliomba moyoni amtukane. Matusi ya Mama Sindano yalijulikana mtaa mzima, na siku ile fundi angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini dada alifungua mlango wake, akaingia, akaurudisha taratibu.

Fundi alirudi ofisini siku ileile, amebeba msumeno na vipande vya mbao vya kurefushia miguu ya benchi. Askari wa mlangoni akamzuia: benchi ni mali ya serikali, haliguswi bila amri ya mkuu. Mkuu alipoitwa alicheka, akadhani ni mzaha wa mafundi. Fundi alipomwambia kazi ya jengo jipya hataifanya, mkuu akamwambia mafundi ni wengi, na vipimo wanavyo.

Ukuta wa ghala ulipanda haraka kuliko kuta zote alizowahi kuziona. Ulipofika juu, chumba cha Mama Sindano kikawa na giza la mchana, lile la kijivu, lisilofikia kuwashiwa taa na lisilofaa kufanyia kazi. Dirisha lilibaki, na nje yake matofali.

Fundi Sebule alikwenda na kila alichokuwa nacho. Alibeba rangi nyeupe, kioo kikubwa, taa mbili za mwanga wa njano na ngazi yake. Njia nzima alikuwa anapanga: kioo kiwe ukutani kiunase mwanga wa mlangoni, dari ipakwe nyeupe, cherehani ihame. Alijua anaweza kukifanya chumba kile kuwa kizuri tena, au karibu na kizuri. Hiyo ndiyo kazi yake, na kwa nusu saa ile alithubutu kutumaini.

Alimkuta dada amekaa mahali pake palepale, uso umeelekea dirishani. Alikuwa anajaribu kutunga uzi. Uzi ulikosa tundu, akaulowesha mdomoni, ukakosa tena. Akaishusha sindano mapajani, akamkaribisha mgeni kwa sauti ndogo, akainuka kumpisha nafasi ya ngazi.

Fundi akaanza kueleza. Alieleza sana, haraka haraka, mikono ikionyesha huku na kule, na kila baada ya sentensi alinyamaza kidogo akingoja apingwe. Maisha yao yote ilikuwa hivyo: akisema kushoto, dada anasema kulia, na mwisho inakuwa kulia. Dada alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja tumboni, ametazama chini.

"Unaonaje, Dada?" fundi aliuliza. "Cherehani tuiweke hapa, au pale karibu na mlango?"

"Popote utakapoona panafaa, fundi," alisema Mama Sindano. "Samahani kwa usumbufu."